Shimo la Kumtosha Sultani Ghalibu

Palikuwa na sultani, jamani, ambaye hakuwahi kushindwa na mtu. Si kwamba alikuwa hodari. Ni kwamba wote waliomshinda hawakuonekana tena mjini. Akicheza bao, mwenzake husahau kuhesabu. Akishindanisha farasi wake na wa watu, farasi wa watu huumwa na tumbo. Jina lake Sultani Ghalibu, mtawala wa Mkunguni, na kitambi chake kilikuwa kikifika barazani kabla yake.

Bwana huyu alikwenda kutembea nchi za mbali, akaona wakubwa wa huko wakisukuma kipira kwa fimbo mpaka kitumbukie shimoni. Akarudi na homa ya gofu. "Nataka uwanja nyuma ya jumba langu," akasema, "wa kijani mwaka mzima!" Zikapandwa nyasi za kweli, jua likazichoma. Zikaagizwa za plastiki, zikaja zimeviringishwa kama mikeka, akaitwa Mize binti Haji azitandike.

Mize alikuwa mjane, fundi wa kutandika mazulia kwenye kumbi za harusi. Kibanda chake kiligusana na ukuta wa jumba, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Alichimbua udongo, akashindilia kokoto na mchanga mpaka pakawa sawa kama meza. Akatandaza nyasi, akabandika maungio kwa gundi, akazipiga brashi zikasimama. Akatoboa kishimo kama kikombe, akachomeka bendera. Basi pakapendeza, hata mbuzi mmoja akaja, akatafuna, akatema, akaondoka ameudhika.

Sultani akapiga. Kipira kikapita kushoto. Akapiga tena. Kikapita kulia.

"Shimo limekwepa, Maulana!" waziri akasema.

"Nimeliona. Mize! Shimo lako lina kiburi."

"Maulana, shimo halijasogea. Kipira ndicho kilichopita bila kubisha hodi."

"Unasema kipira changu hakina adabu?"

"Adabu kinayo tele. Kimeona haya kuingia mbele ya wakubwa."

Waziri alitaka kucheka, akaamua kukohoa.

"Lipanue!" sultani akafoka.

"Kiasi gani, Maulana?"

"Kiasi cha kunitosha mimi! Ijumaa asubuhi anakuja Sultani Mahfudhi wa ng'ambo ya mto. Vipira vyangu viingie vyote. Vyake kisiingie hata kimoja. Kikiingia, nabomoa kibanda chako niongeze uwanja."

"Shimo ni moja, Maulana. Litajuaje kipira cha nani?"

"Hiyo ni kazi yako."

"Na likutoshe wewe?"

"Linitoshe mimi! Una masikio ya plastiki?"

Mize akaenda zake. Akakaa kizingitini, akatazama kuta ambazo marehemu mumewe alizikandika kwa mikono yake mwenyewe. Atahamia wapi? Kwa nani? Akayarudia maneno ya sultani mdomoni, moja moja, kama mtu anayetafuna mchele wenye mchanga. Viingie vyote. Kisiingie hata kimoja. Linitoshe mimi. Hapo akacheka peke yake, mpaka jirani akachungulia kuuliza kama amepata wazimu. Akainuka, akaenda kwa mshonaji wa kanzu za sultani kuomba kipimo cha kiuno.

Ijumaa ikafika. Wageni wakaketi, sharubati ikapita. Sultani Ghalibu akatoka na fimbo yake, akaona shimo kama mdomo wa kisima, limezungushiwa nyasi vizuri, bendera ikipepea pembeni.

"Nini hiki?" akanong'ona.

"Shimo la kukutosha, Maulana. Kipimo nimekitoa kwa mshonaji wako."

"Niingie humo, mimi?"

"Ukiwa ndani, kipira chako kipi kitakuwa nje?"

Sultani akafikiri. Akamtazama mgeni wake, aliyekuwa akiipima fimbo kwa mkono mwepesi wa mtu anayejua mchezo. Akafikiri kidogo tu. Akavua viatu, akashuka.

Likamtosha! Likambana mpaka kwapani, upepo usipate pa kupita. Akachukua kipira, akakidondosha kwenye ukosi wa kanzu. Kikateremka kifuani, kikapanda kitambi, kikashuka kitambi, kikatua miguuni. Pu!

"Kimeingia!" baraza zima likapiga makofi.

Akadondosha kingine. Pu! Na kingine. Pu!

Zamu ya mgeni. Sultani Mahfudhi akalenga, akapiga pigo safi. Kipira kikaja kimenyooka, kikadunda begani kwa Ghalibu, kikarudi kwa mwenyewe.

"Hakikuingia!" Ghalibu akapaza sauti, machozi ya furaha yakimtoka. "Mize! Kibanda ni chako mpaka ufe, na baraza lote shahidi!"

"Ahsante, Maulana."

"Bado nina vipira," akasema mgeni, naye hakuwa mtu wa kukata tamaa. Akapiga kwa nguvu zaidi. Hiki kikamgonga Ghalibu kwenye kidevu. Kilichofuata kikapata pua.

"Inatosha!" Ghalibu akasema. Akajiinua. Hakuinuka. Akajipinda, akapumua, akajibana, wapi! Waziri akamvuta mkono mmoja, mpishi akamvuta wa pili, kanzu ikachanika, bwana palepale. Na mgeni ameshapiga goti, anafumba jicho moja, analenga.

"Mize!" Ghalibu akapiga kelele. "We Mize! Chimba unitoe humu, upesi!"

Mize akaja taratibu na sururu yake, akainama karibu na sikio la bwana mkubwa.

"Amri yako, Maulana. Ila nikikutoa, shimo litabaki wazi, na mgeni bado ana kipira mkononi. Basi niambie: nikutoe, au nikuache ushinde?"