Wimbo wa Sultani Uliokatwa Nusu Mbili

Hapo zamani za masultani, katika mji wa Mkwasini, walikuwako watu wawili watungao nyimbo, nao walisifika hata wanawake walioshikwa na uchungu wa uzazi wakawa wanaomba waimbiwe kwanza. Mmoja aliitwa Silima, naye ndiye mwenye maneno. Mtu mwembamba, mkali, macho yake hayaoni vema kupita ncha ya pua yake. Wa pili aliitwa Msabaha, naye ndiye mwenye mahadhi na mpigaji wa udi. Mtu mnene, mchelewaji, mwenye kifua kibovu cha kukohoa. Miaka ishirini hawakutunga wimbo ila pamoja, wala hawakutunga wimbo ila kwa kugombana.

Basi watu wa mji waliwapenda hata mapenzi yenyewe yakawa maradhi. Wakagawanyika makundi mawili. Hawa wakasema, nyimbo ni za Silima, kwa kuwa maneno ni yake; wale wakasema, nyimbo ni za Msabaha, kwa kuwa bila mahadhi hakuna anayeimba. Ikawa kila jioni, katika baraza ya muuza kahawa, hapasikiki neno jingine.

Siku moja kinyozi Faki, mkubwa wa kundi la maneno, alimwambia Shaame mpika halua, "Yakhe, hebu toa maneno ya Silima, uniambie kinabaki nini. Nyuki ndani ya mtungi!"

Shaame akamjibu, "Na ukitoa mahadhi ya Msabaha? Inabaki barua. Nani aliyewahi kutikisa mabega kwa kusomewa barua?"

"Mimi," akasema Faki, "niliposomewa wosia wa baba mkwe."

Watu wakacheka, lakini Shaame hakucheka. Kesho yake alikwenda kunyolewa, na Faki alipomaliza upande mmoja wa kichwa akaweka wembe chini, akasema, "Nusu hii ni ya maneno. Hiyo nyingine nenda kwa Msabaha akakupigie udi, nywele zitadondoka zenyewe." Shaame akapita mjini nusu kipara, na kundi la mahadhi likaapa halitamsahau Faki maisha.

Sasa katika baraza ile alikuwako mtu mmoja fukara, jina lake Vuai, hana kazi wala nyumba, kanzu yake moja imeshonwa viraka hata haijulikani kipi kiraka na ipi kanzu. Watu walimwona kuwa ni juha. Walipomwuliza, "Wewe Vuai, uko kundi gani?" alijibu, "Mimi niko kundi la kahawa. Nyinyi mkianza kugombana husahau vikombe vyenu, nami huvimaliza. Mwenyezi Mungu asiwapatanishe."

Ugomvi ule ukapanda hata ukaingia jikoni kwa Sultani. Mpishi alikuwa wa maneno, na msaidizi wake wa mahadhi. Wakashikana makoo mbele ya jiko, na pilau ya Sultani ikaungua ikawa makaa. Sultani Daharani alikuwa mtu mfupi, mwenye maradhi ya jongo katika mguu wa kulia, na mwenye kulipenda tumbo lake kuliko waziri wake. Alipotia tonge la kwanza kinywani akalitema, akauliza habari, akaelezwa yote. Akasema, "Sasa ugomvi huu umenifika mimi. Lazima uishe."

Na ilikuwa imebaki wiki moja kabla ya karamu kubwa ya kutimiza miaka kumi ya kiti chake. Mgeni wake mkubwa alikuwa Fumo Bweni, mtawala wa nchi ya jirani, ambaye walichukiana naye kwa tabasamu. Na wimbo wa karamu ulikuwa tayari, ule uitwao "Mgeni wa Mioyo," ambao Silima na Msabaha waliutunga kumsifu Sultani, na mji mzima uliuimba.

Sultani akatoa amri, akasema, "Siku ya karamu nataka wimbo wangu ugawanywe. Nusu ya Silima niletewe mbali, nusu ya Msabaha niletewe mbali. Maneno yasiguswe na mahadhi, wala mahadhi yasiguswe na neno. Wageni watasikiliza, wataamua. Mwenye nusu kubwa atakaa hapa kwangu, ale na avae. Mwenye nusu ndogo atatiwa chomboni, ahame nchi hii wala asirudi, ili watu waache kusema. Nani atanifanyia kazi hiyo?"

Watu wote wakatazama miguu yao, kwa maana walijua nusu moja ya mji itamchukia mtu huyo, na nusu ya pili itamchukia pia. Waziri akaogopa asije akatajwa yeye, akasema upesi, "Yuko Vuai, Bwana wangu. Yeye hana kundi."

Vuai akaletwa. Sultani akamwambia, "Ukifanya kama nilivyoamuru, bila kuongeza wala kupunguza, utapata zawadi. Ukishindwa, utapanda chombo kimoja na yule atakayefukuzwa."

"Labeka, Bwana wangu," akasema Vuai. "Bila kuongeza wala kupunguza."

Akatoka, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa watungaji. Akawakuta uani, Msabaha na udi pajani, Silima amesimama, amekasirika.

"Neno hili linakwenda juu, nawe umelishusha!" akapiga kelele Silima.

"Basi tafuta neno jingine! Kidole changu hakishuki pale kwa ajili ya irabu yako!"

Vuai akawaamkia, akawaeleza amri ya Sultani, hata habari ya chombo. Wote wawili wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kitu kigeni hata jirani akachungulia juu ya ukuta kutazama kama kuna aliyekufa.

Kisha Silima akasema polepole, "Vuai, mwambie Sultani nusu ndogo ni yangu. Msabaha asiende baharini. Kifua chake kile, akipigwa na upepo siku tatu atakufa."

Msabaha akaweka udi chini. "Usimsikilize mpumbavu huyu. Haoni hata mlango wa nyumba yake! Huko ugenini nani atamshika mkono? Mwambie Sultani mdogo ni mimi."

"Mdogo ni mimi! Wewe nani uwe mdogo?"

"Miaka ishirini unanikatalia kila kitu, na hili pia unanikatalia?"

Wakaanza kugombana upya, kila mmoja akidai udogo, mpaka Silima akalia na Msabaha akakohoa. Vuai alizoea kucheka kila kitu, lakini hapo kicheko hakikuja. Akakaa kizingitini, akakuna kichwa, akawaza sana. Kisha akawaambia, "Bwana zangu, mimi nitatii amri ya Sultani. Nitaitii sana. Nyinyi siku hiyo mfanye nitakalowaambia, wala msiulize."

Ikawa siku ya karamu. Ukumbi wa Sultani ukajaa, mazulia yakatandikwa, Fumo Bweni akaketishwa mkono wa kulia wa Sultani. Huku wamekaa watu wa kundi la maneno, Faki mbele yao. Huku kundi la mahadhi, na Shaame amevaa kofia iliyoshuka hadi masikioni. Vuai akasimama katikati, akainama, akasema, "Nusu ya kwanza, maneno, bila mahadhi."

Silima hakuinuka. Aliyeinuka ni karani wa kadhi, mzee wa sauti kavu, ambaye kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kusoma mashitaka. Vuai alikuwa amemtafuta yeye makusudi, akampa karatasi bila kumwambia ni ya nini. Mzee akavaa miwani, akakohoa, akasoma kama alivyozoea kusoma:

"Amekuja usiku na mchana. Hakuna kufuli lililomzuia. Ameingia kwa tajiri, ameingia kwa maskini. Katika kila nyumba amechukua kilicho bora. Wake kwa waume wamelia. Na hata leo hajarudisha."

Akakunja karatasi, akaketi. Wanawake nyuma ya pazia walishika vifua. Faki kinyozi, aliyekuwa ameuimba wimbo ule mara elfu, alikuwa ameachama.

Fumo Bweni, asiyejua kama ni wimbo, akamgeukia Sultani, akasema kwa huruma, "Pole sana, ndugu yangu. Kumbe nchi yako ina mwizi wa namna hii. Je, mmekwisha kumkamata?"

Sultani akasema, "Bado."

"Akikamatwa mkateni mkono," akasema Fumo Bweni.

Vuai akainama tena. "Nusu ya pili, mahadhi, bila neno."

Msabaha akashika udi, akapiga. Naye alipiga siku ile kama mtu anayeaga. Mahadhi yakapanda, yakashuka, yakazunguka ukumbini, hata watumishi waliobeba sinia wakasimama. Walioufahamu wimbo walitaka kuimba, lakini amri ilikuwa amri, wakauma midomo. Fumo Bweni naye alikuwa anausikia kwa mara ya kwanza. Akaona mahadhi matamu hayana jina la mtu, akatazama, akaona yeye ndiye mgeni mkubwa. Akasadiki kwamba anapigiwa yeye. Basi akainuka na bakora yake, akaenda katikati, akacheza. Akacheza mbele, akacheza nyuma, akainamisha kichwa huku na huku akipokea heshima. Watu wake wakapiga vigelegele. Mahadhi yalipokwisha akamkumbatia Msabaha, akasema kwa sauti kubwa:

"Ndugu yangu Daharani, hata kwetu sijapigiwa hivi! Nimekubali zawadi yako. Kesho washairi wangu watayatia jina langu, na tutayapiga kila Ijumaa."

Sultani akaruka, akasahau jongo lake, akakanyaga mguu mbaya. "Ala! Huo ni wimbo wangu!"

"Wako? Jina lako liko wapi humo?"

"Nasifiwa katika maneno yake!"

"Maneno yapi?"

"Ni yale yale uliyosomewa!"

Fumo Bweni akamtazama, akakumbuka yale aliyosomewa, akarudi nyuma hatua mbili akishika mkoba wake. "Kumbe mwizi ni wewe?"

Hapo ukumbi ukashindwa kujizuia. Wakacheka wa kundi la maneno na wa kundi la mahadhi, wakacheka hata askari wa mlangoni, na mmoja akaangusha mkuki. Sultani akawa mwekundu kama pilipili, akapiga kelele, "Vuai! Umenifanya nini?"

Vuai akapiga magoti. "Bwana wangu, umeamuru maneno yasiguswe na mahadhi, wala mahadhi yasiguswe na neno. Sikuongeza wala sikupunguza. Nusu hii ni hiyo, na nusu ile ni hiyo. Sasa chagua mwenyewe. Ukimfukuza Msabaha, kila karamu utasomewa kama mwizi. Ukimfukuza Silima, kila karamu atacheza mtu mwingine. Chombo kiko tayari, tunangoja neno lako tu, nani apande."

Sultani akakaa chini. Akawatazama wageni, akamtazama Fumo Bweni ambaye bado ameshika mkoba. Akasema kwa sauti ndogo, "Asipande mtu. Waunganisheni. Waunganisheni upesi!"

Basi Silima akaletwa kwa kushikwa mkono, akaketi karibu na Msabaha, magoti yao yakagusana. Wakaimba. Na yule aliyeingia nyumba zote hakuwa mwizi tena. Alikuwa mfalme apendwaye, kila nyumba imempa moyo bila kuombwa. Faki alilia, Shaame alilia, na Fumo Bweni mwenyewe akafuta macho kwa ncha ya kilemba, akasema, "Naam. Huo ni wako. Hauwezi kunitosha mimi." Sultani akafurahi hata akamwacha achukue sahani ya pili.

Karamu ilipokwisha, Sultani akamwita Vuai pembeni. Akampa kanzu mpya na kilemba, na nafasi ya kula jikoni maisha yake yote. Kisha akasogeza kiti, akashusha sauti, akasema, "Sasa hapa tuko wewe na mimi na waziri tu. Niambie kweli. Kati ya wale wawili, mkubwa ni yupi?"

"Bwana wangu, sijui."

"Sema, nimekupa amani."

Vuai akautazama mguu wa Sultani uliovimba, akalitazama tumbo lake, akakitazama kimo chake, akasema, "Bwana, nijualo ni moja. Wimbo ule unasema wewe umeingia kila nyumba usiku na mchana, na wake kwa waume wanakulilia, na kila mtu anakupenda. Uwongo mkubwa namna ile mtu mmoja peke yake hawezi kuubeba. Lazima wawe wawili."

Waziri akafumba macho, akangoja upanga. Lakini kilichosikika kilikuwa ni Sultani, anacheka, anapiga goti kwa kiganja, anacheka hata kilemba kikamwanguka kikabiringika mpaka mlangoni, na walinzi waliofungua kutazama kuna nini walimkuta anajifuta machozi na kusema, "Waambie hao wawili watunge mwingine. Na safari hii waseme mimi ni mrefu."