Ilimba ya Mzee Ndahani

Hapo zamani, wanangu, na sisemi ile zamani ya sungura kuvaa kanzu. Nasema zamani ya karibu, vidonge vikiwa vimekwishafika vijijini, alikuwapo huko Ugogo mtengeneza ilimba aliyeitwa Mzee Ndahani.

Ilimba mnaijua? Ni sanduku la mti lenye ndimi za chuma. Unazibonyeza kwa vidole gumba, nazo zinaimba. Usoni mwa sanduku hutobolewa tundu, na tundu hilo hufunikwa kwa utando mweupe wa buibui. Utando huo ndio unaoifanya sauti ivume: zzzz. Ilimba isiyovuma, kwa Wagogo, ni ugali bila mlenda.

Mzee Ndahani alikuwa na masikio mazuri na mapafu mabaya. Masikio yalimlisha, mapafu yakamla. Njia za hewa kifuani mwake zilikuwa zimevimba miaka na miaka, uvimbe usiokwisha, na kila vumbi la kiangazi lilipopanda alikohoa mpaka akashika ukuta.

Kwanza walimpa vidonge vya kushusha uvimbe. Kifua kilitulia, lakini mwili ukaharibika. Uso ukawa mviringo kama kibuyu. Sukari ikapanda. Mifupa ikalegea, mpaka siku moja alikohoa tu, ubavu ukavunjika. Alikohoa tu, wanangu!

Mkewe, Mama Nyemo, na binti yao Nyemo wakampeleka kituo cha afya kwa Daktari Rwegoshora.

"Mbukwa, mzee wangu," daktari alisalimu kwa Kigogo. Akampima. "Vidonge hivi tutavipunguza polepole. Vinakumaliza. Iko njia nyingine: antibayotiki, dozi ndogo, kwa miezi mingi. Si kwa ajili ya kuua vijidudu tu. Hii inatuliza na uvimbe wenyewe. Lakini nina hofu mbili. Ya kwanza, vijidudu vinaweza kuizoea, siku ya hatari isifanye kazi. Ya pili, kwa watu wengine inagusa masikio. Yakianza kuvuma, niambieni siku hiyohiyo."

Mzee Ndahani akashtuka. "Masikio? Daktari, pumzi bila masikio nitaifanyia nini?"

"Na masikio bila pumzi utayafanyia nini, Baba Nyemo?" mkewe akamrukia. "Ukalale nayo chini yasikilize mchwa?"

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hicho ndicho kilichomaliza ubishi. Akakubali. Akasema, "Nyumbani nina ilimba kubwa naitengeneza. Haitauzwa. Ni ya yule atakayeniokoa."

Akaanza dawa. Mama Nyemo aliisimamia dawa hiyo kama mtu anavyosimamia chungu cha maziwa jikoni. Mzee akiwa na kichefuchefu, alimpikia uji kwanza. Mzee akichoka nayo, alimbembeleza. Mzee akikataa, alikaa mlangoni, hapiti mtu. Na pumzi ikarudi! Mzee alikwenda kisimani bila kupumzika njiani. Uso ukarudi kuwa uso wake. Akacheka bila kukohoa.

Kisha ilimba mpya ikaanza kumsumbua.

"Nyemo," aliita, "utando huu mbaya. Unavuma hata nisipogusa. Nitafutie mwingine."

Nyemo akaleta utando kutoka ghalani. Mzee akaubandika. "Bado unavuma."

Akaleta mwingine kutoka zizini. "Bado. Buibui wa mwaka huu wana nini?"

Mama Nyemo alisikia. Siku zile alikuwa amekwishaona kwamba akimwita mumewe kutoka nyuma, hageuki. Aliona, akafunga mdomo. Walipokwenda kituoni, daktari akauliza, "Masikio je, mzee?" Mzee hakuwa na la kusema, maana kwake yeye tatizo lilikuwa buibui. Mama Nyemo akajibu haraka: "Huyu? Anasikia hata mbuzi wa jirani akipiga chafya!" Daktari akacheka, akawaongezea dawa ileile.

Asubuhi moja Nyemo alimkuta baba yake ameinamia ilimba, uso umekunjamana.

"Sikia inavyovuma," mzee alisema.

Nyemo akatazama. Tundu lilikuwa wazi. Utando ulikuwa umebanduliwa, umewekwa kando juu ya kigoda. Ilimba ilikuwa kimya kabisa.

Akakimbilia jikoni. "Mama! Si utando. Ni masikio yake!"

"Nyamaza."

"Mama, ulijua?"

"Nimesema nyamaza! Umeusahau ule uso? Umeusahau ubavu? Tukimwambia daktari, atamwondolea dawa. Akimwondolea, mimi nitamzika. Bora mume kiziwi, Nyemo, kuliko kaburi lenye masikio."

Nyemo akatoka jikoni. Siku hizo yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea baba yake kidonge na maji ya kunywa, mama akisimamia. Tangu siku hiyo alikificha kile cha antibayotiki, akampa cha vitamini kinachofanana nacho. Hakumwambia mama. Hakumwambia baba. Hakumwambia daktari.

Mvumo ukapungua. "Aha," mzee akasema, "nimepata utando mzuri." Akarudi kazini kwa furaha, akakaza ndimi, akalegeza ndimi, na ilimba kubwa ikaanza kuimba sawasawa.

Hapohapo kifua nacho kikaanza. Kikohozi kidogo. Halafu homa. Halafu, mchana mmoja wa vumbi, Mzee Ndahani alianguka penye karakana yake, midomo imekuwa rangi ya majivu, vidole vinakamata hewa kama mtu anayezama.

Walimfikisha kituoni wakidhani wamechelewa. Daktari alimwekea hewa, akamchoma sindano, akakaa naye hakuondoka. Mama Nyemo alikuwa akirudia maneno yaleyale: "Dawa anakunywa kila siku, daktari. Kila siku. Sasa kwa nini?"

Nyemo akapiga magoti. "Hanywi, mama. Nilizificha."

Mama aliinua mkono kumpiga. Mkono ukabaki juu.

"Na wewe, mama, ulinificha masikio," daktari alisema taratibu, baada ya Nyemo kumweleza yote. "Mngeniambia, ningebadilisha mapema."

Nyemo akainua uso. "Na wewe, daktari, ulimpima masikio kabla ya kumwanzishia?"

Daktari akatazama sakafu. "Sikumpima. Kipimo kiko mjini, naye hali ilikuwa mbaya, nikaogopa kuchelewa. Nilijua kazi yake. Ningeweza kumpeleka baada ya wiki ya kwanza. Sikumpeleka. Hilo ni langu."

Mzee Ndahani hakufa, wanangu. Pumueni. Daktari alipanga upya: antibayotiki nyingine, kwa muda mfupi tu kila kifua kinapochafuka, mazoezi ya kutoa makohozi kila asubuhi, na masikio yapimwe mjini. Leo mzee anafika kisimani, ila hupumzika njiani. Anazisikia ndimi zote za ilimba, ila ule mdogo kuliko zote. Huo huugusisha kwenye meno ndipo ajue kama umekaa sawa.

Ilimba kubwa ilipokamilika, aliiweka juu ya kigoda, akawaita wote watatu. "Nilitoa ahadi," alisema. "Semeni, ni nani aliyeniokoa?"

Mama Nyemo akasema: "Mimi ndiye niliyekunywesha dawa ulipoitapika. Miezi yote ile ulipumua kwa sababu yangu. Nilidanganya, ndiyo. Nilidanganya ili uishi."

Nyemo akasema: "Mimi ndiye niliyesikia usichokisikia, baba. Bila mimi ungekuwa hai, lakini ilimba hii ungeitengenezaje? Nilikaribia kukuua, najua. Lakini kila sauti unayoisikia leo, niliilinda mimi."

Daktari Rwegoshora akasema: "Mimi sikuja kudai, lakini umeniuliza, mzee wangu. Mimi ndiye niliyekuonyesha njia, na mimi ndiye niliyekurudisha ulipoanguka. Wote watatu tulikosa. Niliyesema kosa langu bila kutaja sababu ya upendo ni mimi peke yangu."

Mzee Ndahani akaipakata ilimba. Akamtazama mkewe. Akamtazama binti yake. Akamtazama daktari. Akabonyeza ule ulimi mdogo, usioingia tena masikioni mwake, akaupeleka menoni.

Hapo alipo, bado ameipakata. Anawasubiri ninyi. Msipige kelele, msijibu kwa pamoja. Kila mmoja apime moyoni kwanza, kisha anyooshe mkono aniambie: kama ilimba ile ingekuwa mapajani mwako, ungemkabidhi nani?