Kipimo cha Bi Sheikha

Mchuma janga hula na wa kwao. Maana yake, anayejitafutia balaa haketi nalo peke yake mezani. Huwakaribisha jamaa zake wote, mwenye njaa na aliyeshiba. Methali hii imechakaa kwa kusemwa, lakini kule Tooting, kusini mwa London, iliwahi kuwa mpya kama sahani itokayo dukani.

Bi Sheikha alikuwa Mpemba mwenye ulimi wa kulitia jiwe homa. Mtu mzima wa afya akikaa naye kwa kikombe kimoja cha chai, huondoka amejishika kiuno. Maradhi aliyajua kwa majina na koo zake, na yapo ambayo madaktari waliyasikia kwake kwanza. Mumewe alipofariki, alibaki na binti wa pekee, Siham, na kila ugonjwa alioujua akamvika yeye. Leo moyo, kesho mifupa, keshokutwa kifafa. Daktari akianza kushuku, Bi Sheikha humhama. Mtoto akanyolewa nywele, akakalishwa kwenye kiti cha magurudumu, akaambiwa miguu yake ni udongo mbichi, na kila siku akamezeshwa vidonge vya kulegeza na kulaza.

Mjane yule, ambaye hapo awali hakugongewa mlango hata na posta, akawa mtu wa kuulizwa hali. Kila Ijumaa wanawake wa Kizanzibari walitoka mitaa mingine ya London, Ilford na Lewisham, kuja kumsomea mgonjwa Yasini, kila mmoja na sahani yake. Hospitalini nako, daktari alimuuliza Siham, Bi Sheikha akajibu. Mdomo wa msichana ulikuwa kama mlango uliochorwa ukutani: upo, ila haufunguki.

Mwaka aliotimiza miaka kumi na tisa, Siham alitamani jambo dogo tu: kufunga Ramadhani kama watu. Mama alimkataza, akasema mgonjwa hana saumu. Basi msichana akawa anavibana vidonge shavuni, kisha anavificha ndani ya mto wa kiti. Siku za kwanza kichwa kilimgonga kama nyundo ya fundi bati. Wiki ilipokatika, ukungu ukamtoka machoni. Mama alipokwenda sokoni, Siham akasimama. Akafika jikoni, akafungua friji, akaifunga, akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Ijumaa iliyofuata akamshika mkono mama yake mdogo, Bi Ghalia, aliyekuja kwenye kisomo. Kwa kawaida alijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijikaza kwa Kiswahili ili asieleweke vibaya.

"Mama mdogo, mimi si mgonjwa."

"Ndivyo wasemavyo wagonjwa wote, mwanangu."

"Nimesimama. Nimefunga wiki nzima."

"Wiki nzima? Miye mzima, siku ya tatu tu nishaanza kumuuliza saa mtu nisiyemjua. Tulia, homa hiyo inakusemesha."

"Nipeleke kwa daktari. Mama asiwepo. Nataka kusema mwenyewe."

Bi Ghalia aliutoa mkono wake. "Uende kwa daktari bila mama yako? Watu watatuelewaje?"

Kisha, kwa moyo mweupe kabisa, akaenda jikoni kumwambia dada yake. Tangu jioni hiyo Bi Sheikha alisimama juu ya binti yake mpaka vidonge vimezwe, na baadaye akamfunua mdomo kama mnunuzi wa punda. Ukungu ukaanza kurudi. Siham akaona asipofanya haraka, mlango wake utabaki mchoro milele.

Siku chache baadaye, adhana ya magharibi ilipolia kwenye simu, mama alifungua kwa tende, akaenda kuswali. Bakuli lake la uji likabaki mezani. Siham akatoa vidonge alivyovificha ndani ya mto wa kiti, akavisaga kwa kijiko, akavitia. Hakutaka kuua. Alitaka mama alale mpaka adhuhuri, yeye awahi hospitali. Akapima kipimo anachopewa yeye kila siku, tena akapunguza kidogo kwa huruma.

"Uji wa leo una uchungu," alisema Bi Sheikha, akaumaliza.

Asubuhi alikuwa bado anakoroma kwenye kochi. Siham akamfunika blanketi, akatoka kwa miguu yake, akishika kuta za watu njia nzima hadi kituo cha basi.

Daktari aliyemwona aliitwa Poonam. "Mama yako yuko wapi?"

"Amelala."

"Basi sema wewe."

Siham akasema. Maneno yalitoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Daktari alimpima, akatoa damu, akamsimamisha, akamtembeza, kisha akavuta kiti karibu. "Ugonjwa siuoni. Lakini hivyo vidonge ulivyovitaja, kwa siku unapewa vingapi?"

Siham akamwambia.

Uso wa daktari ukabadilika. "Mwili wako umezoeshwa tangu utotoni. Asiyezoea akinywa kiasi hicho, anaweza asiamke."

Hapo ndipo neno moja lilipohitajika. Neno moja, na gari la wagonjwa lingefika Tooting kabla yake. Siham akafungua mdomo, hofu ikaufunga. Akasema anakwenda msalani, akapanda basi, akarudi nyumbani. Kochini hapakuwa na mkoromo tena.

Mahakama ilimhurumia kwa aliyotendewa. Lakini jaji aliuliza kwa nini hakumwambia daktari. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kuua bila kukusudia.

Gerezani alijifunza kukimbia uani. Nywele zikaota, mashavu yakajaa. "Wewe ni mtu wa kwanza kunenepa kwa chakula hiki," Daisy, mwenzake wa chumba, alimtania. "Wapishi watakuomba picha." Siham alicheka, kisha akalia. Afya yote ile aliipatia kwenye kufuli, na wa kumwonyesha alikuwa kaburini.

Alipoachiliwa kabla ya kifungo kwisha, Bi Ghalia alikuwa langoni, amezeeka kupita miaka yake. Visomo vya Ijumaa vilishavunjika. Kila mwanamke aliyewahi kubeba sahani aliona haya kumtazama mwenzake. Wakaenda moja kwa moja makaburini. Mama mdogo wa watu hana magoti tena, ikabidi Siham amshike mkono matopeni.

"Ningekupeleka siku ile uliponiambia," Bi Ghalia alisema, "dada yangu angekuwa hai."

"Na mimi ningesema mbele ya daktari."

"Ulikuwa mtoto, uliogopa."

"Nilikuwa na mdomo, mama mdogo. Siku hiyo nilikuwa nao."

Bi Ghalia akainua viganja. Walisoma Fatiha mvua ikianza, kisha wakabaki wamesimama, kila mmoja na fungu lake la kile ambacho marehemu alikianza peke yake. Hakika, mchuma janga hula na wa kwao.