Mwizi wa Barazani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Nyumba isiyo na mtu.

Haina mtu kweli? Haya, sogeeni.

Hapo kale waliishi Ngwali na mkewe Mashavu. Ngwali alijua kila kitu. Asichokijua, alikisema kwa sauti kubwa zaidi.

Siku moja wakaitwa ng'ambo ya mto, kumwuguza kaka wa Ngwali. Binti yao aliyekaribia kuolewa wangekwenda naye, lakini sanduku lake lingebaki nyumbani: kanga, udi, na shuka alizozidarizi mamake tangu mtoto ananyonya. Sanduku likiibwa, harusi hakuna.

"Tumwachie Bi Mize ufunguo," Mashavu akasema. "Jirani yetu huyo."

"Bi Mize? Upepo ukivuma anaanguka! Mimi nina kufuli."

Akafunga la kwanza, kwacha! La pili, kwacha! La tatu, kwacha! Akapita njia nzima akitangaza, "Hata jini haingii!"

Nanyi mnanitazama tu. Kufuli kwa nje linasema nini? Linasema wenyewe hawapo.

Chongoe, mwizi wa mji, alilisikia vizuri.

Lakini Mashavu alijidai amesahau ushungi, akarudi mbio, akampenyezea Bi Mize funguo. Bi Mize akafungua makufuli yote. Akafagia uwanja. Akawasha moto. Akakohoa kwa niaba ya Ngwali, kisha akamgombeza: "We baba, huo mchanga unauleta ndani wa nini?"

Mchana Chongoe akaja.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Shingo imeshaingia mlangoni.

"Karibu mwanangu. Umekawia, wali unapoa."

Tangu mamake azikwe, Chongoe hakuitwa mwana na mtu. Akakaa. Akala.

"Ngwali yuko wapi?"

"Anaoga."

Siku ya pili akala tena. "Na Ngwali?"

"Anaoga."

Siku ya tatu akasema, "Bibi, huyu mtu si atageuka samaki?"

Bi Mize akacheka hadi akashika mbavu. "Hayupo, na unajua hayupo. Mtu wa heri akibisha hodi husimama kando, uso pembeni. Wewe ulichungulia hadi uvunguni."

"Mbona hukupiga yowe?"

"Ulikuwa na njaa. Nami kula peke yangu nimechoka." Akaonyesha kwa kidevu. "Sanduku lile pale. Mgongo huu hauwezi kukuzuia. Ila sahani yako uoshe kwanza."

Chongoe akaosha sahani. Akalitazama sanduku. Akamtazama bibi, macho mekundu kwa kukesha.

"Lala kidogo, bibi," akasema. "Mimi nitakaa nje."

Ngwali aliporudi alikuta mlango wazi, Bi Mize anakoroma ndani, na Chongoe barazani.

"Mwizi!"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo. Ila sema polepole, bibi amelala."

Mashavu akaingia mbio, akafunua sanduku. Kanga zipo. Udi upo. Shuka zipo. Akatoka akijifuta machozi, akacheka, akalia tena.

Ngwali akavua kofia yake.

"Sogea kidogo, bwana," akanong'ona, "nami nikae."

Ngano yangu nimeifikisha kizingitini. Iliyo tamu ingieni nayo, iliyo chungu niachieni mwenyewe.