Kibuyu Kilichokataa Kuvuka Mwamba

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu wenye usingizi na shelisheli bado limo motoni? Paukwa tena!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, siku ambazo vyombo vya nyumbani vilikuwa na midomo na vilijua kuitumia, palikuwa na mvuvi, jina lake Vuai. Mkewe akiitwa Mize, na binti yao Kazija. Vuai alivua nje, kule ng'ambo ya mwamba, kwenye maji mazito. Akitoka hakurudi mikono mitupu, na jambo hilo alilisema mwenyewe kabla hajaulizwa.

Kazija akaposwa. Vuai akasimama mbele ya wakwe akajipiga kifua: "Ijumaa ya harusi mtakula nguru, samaki wa maji mazito. Si samaki changu, si dagaa. Nguru."

Ikafika Alhamisi, na nguru hakuna.

— Bibi, si angenunua?

Amnunue wapi, Riziki, na mwenye nguru ndiye yeye? Nyamaza usikilize.

Asubuhi hiyo maji yamekupwa. Vuai akatoka mlangoni akatazama bahari. Imetulia kama maziwa bakulini. Akafurahi sana, akabeba mishipi, akabeba kasia, akamchukua na Kibuyu, kile kibuyu kilichokatwa cha kuchotea maji yakiingia chomboni. Mwenzake wa kila siku alikuwa anajenga banda la harusi, basi Vuai akaenda peke yake.

Ufukweni akamkuta Kaa anaziba shimo lake kwa mchanga.

"Vuai, Vuai, umetazama wapi?"

"Nimetazama hapa."

"Na kule umetazama?"

"Bahari ni moja, Bwana Kaa. Hapa pametulia, na kule pametulia."

"Haya," akasema Kaa, "mie naziba mlango wangu." Akaingia ndani, akaziba.

— Bibi, kaa anajua kusema?

Siku hizo alijua. Ameacha kwa sababu alichoka kutosikilizwa, kama mimi hapa na nyie.

Vuai akasukuma ngalawa yake, akapiga kasia. Akapiga, akapiga, akafika kwenye fungu la mchanga katikati ya maji. Pale akawakuta membe, wale ndege weupe wa baharini, wamesimama mstari mmoja, midomo yote imeelekea kwenye upepo. Si kawaida yao. Saa hizo huwa nje wanavua.

"Vuai, Vuai, umetazama wapi?"

"Nimetazama hapa."

"Na kule umetazama?"

"Nyinyi mmeamka na uvivu tu. Mbona hamjatoka?"

"Tumetoka," wakasema membe. "Tumerudi."

Sasa hapo, wanangu, mtu mwenye akili angekuna kichwa. Vuai hakukuna. Alikuwa anawaona wakwe wamekaa mkekani, na sahani ya wali haina nguru juu yake. Aibu aliyokuwa akiiona mbele ilimziba macho. Akapiga kasia, akapiga, akapiga.

Alipokaribia mwamba, maji yakaanza kuingia chomboni. Akamshika Kibuyu. Akachota akamwaga. Akachota akamwaga. Akachota—

"Vuai, Vuai, umetazama wapi?"

Alikuwa Kibuyu. Vuai nusura amwachie.

"Nawe pia?"

"Nami pia. Mimi siku zote nalala mpaka tuvuke mwamba. Leo hata kwenye mlango wa mwamba hatujafika, na nimeshaamka. Ndani humu mwamba unatukinga, maji yamekupwa na ukuta wake wote umetokeza juu ya maji. Ndiyo maana bahari ya ndani imelala. Huko nje haina wa kuikinga. Umetazama wapi?"

Vuai akafungua kinywa aseme "hapa". Akainua macho, akatazama kule.

Mlango wa mwamba, mnajua, ule upenyo wa kutokea nje, siku njema huwa na njia ya buluu katikati, povu huku na povu huku. Siku ile povu la kulia lilikuwa limeungana na povu la kushoto. Vuai akalizuia kasia, akangoja njia ifunguke. Akahesabu wimbi la kwanza, la pili, mpaka la saba. Haikufunguka hata kidogo, na kila wimbi lilikuwa refu kuliko paa la nyumba yake.

Vuai akaogopa. Aliogopa kwelikweli.

"Nimewaahidi nguru," akasema kwa sauti ndogo.

"Ukitaka tuvuke, nivushe," akasema Kibuyu. "Chombo kikipinduka mimi nitaelea. Wewe je?"

Vuai akamtazama Kibuyu, akautazama mlango wa mwamba. Halafu akasema, "Sasa nimetazama kule." Akaigeuza ngalawa.

— Aaa! Na nguru je?

Nguru alibaki kwake, mzima wa afya.

Vuai akarudi kichwa kimeinama. Upande wa ndani, pale maji yalipokupwa, akawaona wanawake wanatafuta pweza kwenye mashimo, na Mize yumo, nguo kaifunga magotini.

"Umerudi mapema," akasema Mize.

"Kumechafuka nje."

Mize akampa kijiti cha kuchokolea pweza. Vuai, fundi wa maji mazito, akaingiza kijiti shimoni, na pweza wa kwanza akampiga wino usoni. Wanawake wakacheka mpaka wakakaa majini. Akajifuta, akacheka naye, na mpaka maji yanajaa walikuwa na pweza vikapu vitatu.

Ijumaa wakwe wakala pweza wa nazi, wakaongezwa, wakaomba tena. Vuai akataka kuomba radhi. Akamwendea kwanza bintiye chumbani.

"Mwanangu, nguru niliyewaahidi wakwe sikumpata."

"Baba," akasema Kazija, "shehe yuko nje anauliza nani ataniozesha. Usingerudi, ningemjibu nini, nguru?"

Vuai akatoka, akaketi mbele ya shehe, akampa mkono bwana harusi, akamwozesha binti yake. Mkono ulikuwa bado una doa la wino.

Tangu siku hiyo, wavuvi wa kijiji kile bahari hawaitazami kutoka ufukweni. Wanakwenda mpaka upande wa ndani wa mlango wa mwamba, wanahesabu mawimbi saba. Njia ya buluu isipofunguka, wanageuka, na kila mmoja mkewe humpokea kwa kijiti. Basi nanyi mkiwa wakubwa, msipime maji ya kule kwa kutazama ya hapa, na anayegeuka msimcheke, isipokuwa ana wino usoni.

Hadithi yangu imetia nanga papa hapa. Riziki, geuza shelisheli, linaungua.