Saruji Iliyotaka Kuonekana

Wapendwa, kabla hamjaanza kutazama saa, na nawaona wawili kule nyuma wameshaanza, hebu leo niwape kisa cha saruji. Ndiyo, saruji. Mimi mwenzenu nimehubiri miji mingi, nimelala kwenye nyumba za wageni ambazo ukiegemea ukuta unaondoka nao mgongoni, na mwili huu mnaouona umeshavunja vitanda vya watu. Kwa hiyo mtu wa umbo langu akiambiwa apande roshani ya kanisa, hataki kwanza kujua wimbo namba ngapi. Anataka kujua nguzo za chini zilimwagwa kwa saruji gani.

Basi, palikuwa na mzee mmoja mwenye malori. Alianza utingo, akabeba saruji kichwani mpaka nywele zikasema yaishe, zikaondoka. Baadaye malori yakawa yake. Usharika wake ulikuwa unajenga roshani ya kwaya, maana waumini walikuwa wamezidi viti. Ikatangazwa kama ilivyo desturi yetu: kila nyumba ilete mfuko wa saruji. Si mnatujua? Walitangaza mfuko, ila hawakutangaza mfuko gani. Kila mtu akaenda dukani akauliza ile ya bei ya chini. Stoo ya kanisa ikajaa saruji ya namba thelathini na mbili na nusu, mpaka mlango ukawa haufungi.

Msiidharau. Hiyo ndiyo ya kujengea matofali, ndiyo ya kupiga plasta, na kazi yake inaijua. Lakini kwa nguzo za roshani, mchoro wa mhandisi ulitaka arobaini na mbili na nusu. Namba iliyoandikwa kwenye mfuko ni kipimo cha nguvu zake ikishakomaa, na nguzo ni mahali pa kubebea watu.

Jumapili ya mavuno, ibada imekwisha, lori likaingia uani kinyumenyume, honi inalia, limejaa arobaini na mbili na nusu tupu. Vigelegele! Mwenyekiti wa ujenzi alikuwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Akainua mikono: "Nguzo zimepatikana!"

Mzee akashuka na suti yake, akatabasamu. "Hapana, mwanangu. Hii ni ya ukuta wa mbele."

"Ukuta wa mbele upi? Ule wa plasta?"

"Ule ule. Na msalaba wa nakshi juu ya mlango. Mtu akipita barabarani aone. Nguzo tumieni hiyo mliyo nayo, fundi aongezeongeze tu."

Msimcheke. Mzee hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuona ukuta ule kichwani mwake safari nzima ya kutoka kiwandani: mweupe, unang'aa, wajukuu wanapita wakinyoosha kidole, "huo ni wa babu." Nani kati yetu ametoa kitu kizuri asitamani walau jirani ajue? Na kilichomsumbua ni kwamba alijua. Yeye, kati ya wote waliosimama pale, alijua.

Mama mwenyekiti naye alijua kwamba anajua. "Baba, nilipofungua duka, ni nani aliyenifundisha kusoma namba za mifuko?"

"Ni mimi."

"Ni nani aliyeniambia plasta ikitiwa nguvu kupita kiasi inapasuka?"

"Mimi."

"Na nani aliyesema nisimuuzie mtu wa nguzo saruji ya plasta, hata akilia machozi?"

Mzee akakohoa. "Ni mimi. Lakini nilikuwa nasemea wateja."

Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Akanyoosha kidole juu, mahali ambapo roshani ingekuja kukaa. "Na watakaocheza hapo juu ni akina nani? Mkeo si yumo kwenye kwaya? Na kwa kuruka, si anawashinda vijana?"

Mzee akatazama juu, pale penye hewa tupu, akamwona mkewe anaruka. Kisha akatazama lori. Akasema taratibu, kama mtu anayeulizia njia, "Nikiingia ndani ya nguzo, sitaonekana."

"Hutaonekana, baba."

Hakumpamba. Hakumwambia watu watakumbuka, maana watu hawakumbuki.

Mzee akavua koti, akamkabidhi mama. Akarudi kwenye lori, akajitwika mfuko wa kwanza juu ya kile kipara, akaupeleka mwenyewe penye mashimo ya nguzo. Suruali ya Jumapili ikawa ya kijivu. Hapo hata fundi, aliyekuwa ameketi juu ya karai lake akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, akaitupa njiti na kumfuata.

Tena hakuishia hapo. Nguzo zilipomwagwa zikavishwa magunia, na kila asubuhi mzee alikuja na ndoo kuyalowesha, kwa sababu zege lisiponyweshwa maji halikomai vizuri, hata liwe la namba gani. Mkewe akamwuliza, "Mzee mwenzangu, umeoa nguzo?" Akajibu, "Nazinywesha kwa ajili yako, wewe unayeruka."

Siku ya kuzindua, mgeni rasmi akausifia ukuta wa mbele, laini kama shavu la mtoto. Bibi mmoja muuza vitumbua akashindwa kujizuia, akasimama: "Mfuko wangu umo humo!" Makofi, vigelegele, mpaka akakaa na kanga usoni kwa haya na furaha. Na nguzo je? Nani huwa anazipigia makofi nguzo?

Kisha kwaya ikapanda roshani. Akina mama wakaruka, ngoma ikajibu, mgeni rasmi akatupia jicho juu kwa wasiwasi. Mzee alikuwa ameketi chini, pembeni kabisa, kiganja kwenye nguzo. Haikutikisika hata kidogo. Aliyekuwa karibu alimsikia akiinong'oneza: "Kaza, mwenzangu. Waache waruke."

Sasa sisi, wapendwa. Tunafunga na kuomba Mungu atupe namba kubwa: nguvu, akili, sauti, mali. Akitupa, tunakimbilia kuwa plasta. Na plasta yenye nguvu kupita kiasi inafanyaje? Inapasuka nyufa kama kisigino changu wakati wa kiangazi. Si ndiyo zile nyufa tunazozisikia kwenye vikao vyetu, kila mmoja anataka ukuta wa mbele? Wewe uliyekuja na mfuko mdogo, usijifiche. Uzuri wa nyumba hii umo mfukoni mwako. Lakini wewe uliyepewa nguvu nyingi, jiulize: umekubali kumwagwa wapi? Nguvu nyingi hazitolewi ili zitazamwe. Zinatolewa kwa sababu juu yako kuna watu watakaoruka.

Nimemaliza, mnaweza kutazama saa. Kwaya, pandeni mtuimbie. Mimi nitaketi hapa chini, karibu na nguzo, nimshukuru mtu nisiyemjua.