Ruhusa ya Punda

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiamkia kazini kama baba na mama zenu, Bibi Tembo alikuwa na kinu cha kukamua mafuta ya ufuta. Punda alikizungusha kinu, kriii! kriii! Kobe alijaza mafuta kwenye madebe. Kindi, mdogo kuliko wote, alipepeta ufuta. Msimamizi wao alikuwa Nyati.

Eh, huyo Nyati! Kila siku yeye na Punda.

"We Punda! Unazunguka au unasinzia? Masikio marefu, akili fupi! Jamani, hebu mtazameni huyu!"

Wenzake walicheka, maana walimwogopa Nyati. Punda aliinamisha kichwa, akazunguka.

Nyumbani, Punda alianza kuacha chakula. Mkewe akimwekea majani mabichi, anayanusa tu, anageukia ukutani. Usingizi ukampotea. Asubuhi akizisikia kwato za Nyati, du! du! du!, moyo unamwenda mbio.

Mwishowe akaenda kuomba ruhusa.

"Bwana msimamizi, naumwa. Naomba nipumzike nyumbani."

"Unaumwa wapi? Nionyeshe kidonda."

"Sina kidonda, bwana. Moyo unanienda mbio. Silali."

"Una homa?"

"Sina."

"Basi huumwi! Mvivu mkubwa we! Rudi kwenye kinu!"

Punda akarudi. Hakufika mbali, akaanguka, puu! Nyati akamwinua kwa pembe.

Kindi aliyaona yote hayo. Walipotoka kazini akamfuata Kobe.

"Kesho ukimwona Nyati, mpe pole."

"Kwani anaumwa?"

"Bado," akasema Kindi, kisha akakimbilia kwa mke wa Punda kumwambia hivyo hivyo.

Kulipokucha, Kindi akamlaki Nyati langoni.

"Shikamoo, bwana. Mbona leo uso umekuvimba?"

"Marahaba. Nani, mimi? Mimi mzima kabisa!"

"Haya, labda macho yangu tu."

Nyati akajipapasa shavu. Akafika kwenye madebe.

"Lo! Pole, bwana," akasema Kobe. "Unavyohema unasikika mpaka huku. Baba yangu mdogo alianza hivi hivi."

"Ikawaje?"

Kobe akashusha pumzi, akaingiza kichwa ndani ya gamba.

Hapo Nyati akaanza kujisikiliza. Kumbe moyo unadunda! Mara mke wa Punda akapita na mtungi wake wa maji.

"Uuuwi! Bwana Nyati, umesimama na hali hiyo? Kaa chini, baba!"

Nyati akakaa. Jasho likamtoka. Miguu ikalegea. Adhuhuri ilimkuta amejinyoosha kando ya ghala, analia, "Mwiteni Bibi Tembo! Naomba ruhusa! Nakufa mie!"

Bibi Tembo akaja taratibu, akampapasa kwa mkonga.

"Unaumwa wapi?"

"Moyo unanienda mbio, bibi. Miguu haina nguvu."

"Una kidonda?"

"Sina."

"Una homa?"

"Sina, bibi, lakini naumwa!"

Kindi akaruka juu ya debe.

"Bibi, huyu aliamka mzima. Sisi ndio tuliomwambia anaumwa, tena kwa maneno ya upole, na ni leo tu. Punda ametukanwa msimu mzima. Jana kaomba ruhusa, kaitwa mvivu."

"Mmenichezea!" Nyati akanguruma, akainuka na kuinamisha pembe. Kindi, pyuu! juu ya paa.

Bibi Tembo akaweka mkonga kwenye bega la Nyati.

"Ngoja kwanza. Ulikuwa unaigiza?"

"Hapana, bibi. Niliumwa kweli."

"Basi na Punda anaumwa kweli."

Nyati akatazama chini.

Bibi Tembo akaenda kwenye kinu, akamfungua Punda kamba kwa mkonga wake mwenyewe. "Nenda nyumbani, mwanangu. Posho yako italetwa na Kobe. Utarudi ukipona, na hutamkuta tena msimamizi huyu."

Kamba ile akafungwa Nyati, azungushe kinu yeye. Usimamizi akapewa Kobe, ambaye kila alichotaka kukisema alikifikiri kwanza.

Punda alikwenda polepole, mkewe ubavuni. Alifika nyumbani. Alikula majani kidogo, akalala, na mkewe akakaa mlangoni akiwanyamazisha watoto.

Nami nimefika mwisho, wanangu, shikeni hili moja: maneno mabaya humuumiza mtu kweli, hata kama hayaachi alama mwilini.